Nilivyolielewa neno "mīļš" la Kilatvia

Nilikuwa Soko Kuu la Riga, mji mkuu wa Latvia, kwenye banda la samaki. Mama muuzaji akanikabidhi samaki wa moshi aliyemfunga kwenye karatasi, akasema: "Paldies, mīļā!" Paldies ni asante, hilo nililijua. Lile la pili nililitafuta kwenye kamusi usiku: mīļš, mpendwa. Nikashangaa, maana hatukuwa tunajuana.

Miisho yake haikunichosha sana. Sisi tunasema mtoto mzuri, kitabu kizuri. Wao badiliko huliweka mwishoni. Mwanamume ni mīļš, mwanamke mīļa, wakiwa wengi mīļi au mīļas. Unapomwita mtu, au unapomtaja yule mahususi, inakuwa mīļais au mīļā. Ile ā ndefu ya yule mama ilikuwa inaniita mimi.

Maana ndiyo iliyonisumbua. Jirani yangu, bibi mmoja, ana mbwa mzee. Siku moja tulikutana kwenye ngazi, mbwa akaniwekea kichwa gotini na kutulia hapo. Bibi akasema: "Viņš ir ļoti mīļš." Yaani, yeye ni mīļš sana. Nikadhani ananiambia jinsi anavyompenda mbwa wake. Kumbe alimsifu mbwa mwenyewe: ana upendo, anapenda kubembelezwa. Neno moja linamchukua anayependwa na anayeonyesha mapenzi, wakati Kiswahili kina mpendwa kwa huyu na mwenye upendo kwa yule.

Tangu hapo niliacha kuandika neno peke yake daftarini. Naandika sentensi nzima, pamoja na aliyeisema na mahali. Nina hii ya bibi huyohuyo, akiwa ameshika kikombe kilichopasuka ukingoni: "Man šī krūze ir mīļa." Kikombe hiki ni kipenzi changu.

Hata hivyo niliteleza. Nilipoandikia ofisi fulani barua nilianza na "Mīļais kungs", nikidhani ni sawa na "Mpendwa" yetu ya barua. Mwalimu wangu alinisahihisha: kwa bwana usiyemfahamu ni Cienījamais, yaani mheshimiwa. Mīļais ni ya ndugu na marafiki. Mama wa sokoni anaweza kukuita mīļā kwa ukarimu, ila barua rasmi ina adabu yake.

Bibi alipotimiza miaka, nilimwandikia kadi: "Mīļā kaimiņien!" Jirani mpendwa. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akairudia kwa sauti, taratibu, akiivuta ile ā. Kisha akanivuta mkono tuingie ndani tunywe chai.