Volumu hii ni ya nani?

Swali huja fupi: kwenye mtambo wa hifadhi kuna volumu (kipande cha hifadhi ambacho seva hukiona kama diski) ya giga 500, imeunganishwa na seva tatu, inafanya kazi gani? Anayeuliza anaona orodha ya volumu. Anayetakiwa kujibu anaona folda ya /srv/mishahara kwenye seva. Katikati yao kuna tabaka nne au tano, na kila tabaka limeibatiza diski ileile jina lake.

Wengi hukimbilia ukubwa. Ukubwa ndio ushahidi dhaifu kuliko wote. Volumu ya GB 500 za kuhesabu kwa elfu huonekana kwenye lsblk, amri ya Linux ya kuorodhesha diski, kama 465.7G, kwa sababu lsblk inagawa kwa 1,024. Mtambo mwingine unaandika GB lakini unahesabu kwa 1,024, na hapo utaona 500G kamili. Hata hesabu zikikubaliana, nani alikwambia kuna volumu moja tu ya ukubwa huo? Anayegawa hifadhi hupenda namba za duara, kwa hiyo volumu nne za 500 huwa zimepangana kama mapacha.

Jina kama sdb, ambalo Linux huipa diski, nalo ni namba ya foleni kliniki: leo ni yako, kesho anapewa mwingine. Kerneli, kiini cha Linux, hugawa herufi kwa kadiri diski zinavyojitokeza, na seva ikizimwa na kuwashwa mpangilio unaweza kubadilika. Namba ya LUN, ambayo mtambo huipa volumu inapoonyeshwa kwa seva, ina afadhali kidogo, ila hutolewa kwa kila seva peke yake: volumu moja inaweza kuwa LUN 2 huku na LUN 5 kule. Na mpathc? Hilo ni jina la multipath, programu inayounganisha njia kadhaa za kuifikia diski moja, nalo linatoka kwenye /etc/multipath/bindings, faili la ndani ya kila seva. Mpathc ya seva ya kwanza haina undugu wowote na mpathc ya seva ya pili, labda uwe umelinganisha mafaili hayo kwa mkono wako.

Kinachobaki ni WWID, kitambulisho cha kipekee cha volumu. Hii mtambo wenyewe huitoa, seva huisoma, na haibadiliki kwa kuhamisha kebo wala kwa kuwasha upya.

Njia ya kuifikia ninayoiamini ni ya kushuka, kuanzia pale watu wanapohifadhi mafaili yao. Kwanza:

findmnt -no SOURCE /srv/mishahara

Jibu liwe, tuseme, /dev/mapper/vg_fedha-lv_mishahara, yaani volumu lv_mishahara ndani ya kundi vg_fedha la LVM, programu ya Linux ya kugawa diski. Hapo kuna mtego mdogo: kundi likiitwa vg-fedha, lenye kistari, device mapper (sehemu ya kerneli inayotoa majina hayo) itakiandika mara mbili, vg--fedha, ili kisichanganywe na kile kinachotenganisha kundi na volumu. Script nyingi za kukata maneno kwa kistari hufia hapo. Kisha:

lvs -o +devices vg_fedha

Hii inaonyesha /dev/mapper/mpathc(0). Ikija mistari miwili ya lv_mishahara yenye diski tofauti, maana yake mfumo huo wa faili umekalia volumu mbili za mtambo, na ukijibu kwa kutaja moja umejibu nusu. Kwa mti mzima, lsblk -s ikifuatiwa na jina la volumu hiyo huchora kutoka juu kwenda chini kwa mara moja. Mwisho, multipath -ll mpathc:

mpathc (36001405a3f2c81b7d4e4f09b2c6d17e8) dm-4 LIO-ORG,data03
3:0:0:2 sdf 8:80 active ready running

Kilicho kwenye mabano ndicho tunachokitafuta: herufi 33. Ile 3 ya mwanzo si ya mtambo. Ni seva inayoiweka kuonyesha aina ya kitambulisho, na asiyejua hilo hutafuta herufi 33 kwenye skrini ya mtambo yenye 32, akatangaza kwamba volumu haipo. Baada yake ni 6, halafu tarakimu sita za mtengenezaji: hapa 001405, ambayo ni ya LIO, huduma ya hifadhi iliyo ndani ya Linux yenyewe. 6005076 ni IBM, 624a937 ni Pure Storage. Ukizizoea, unajua mtambo gani kabla hujauliza. Kwa LIO kuna la ziada: namba ya volumu upande wa mtambo ni UUID (kitambulisho cha kipekee) ndefu, a3f2c81b-7d4e-4f09-b2c6-d17e8 na kuendelea, lakini WWID inabeba tarakimu 25 tu za mwanzo, bila vistari. Mkia umekatwa. Linganisha mwanzo, usisubiri zifanane mpaka mwisho. Mitambo mingine huandika kwa herufi kubwa. Grep -i inatosha.

Kwenye wingu tabaka ni chache lakini ugonjwa ni uleule. Amazon inakwambia umeunganisha volumu kama /dev/sdf, ukiingia ndani unakuta /dev/nvme1n1, na hiyo 1 nayo haina ahadi. lsblk -o +SERIAL inatoa namba ya volumu yenyewe, ikianza na vol bila kile kistari kinachoonekana kwenye tovuti.

Snapshoti, yaani nakala ya volumu ya wakati fulani, ndiyo inayostahili hofu. Nakala ya volumu ina WWID mpya, lakini ndani yake UUID ya mfumo wa faili ni ileile. XFS, mmoja wa mifumo ya faili, hukataa waziwazi kuipachika asili ikiwa imepachikwa tayari, na dmesg (ujumbe wa kerneli) inasema UUID imerudiwa. Unapita kwa mount -o nouuid, au unaipa mpya kwa xfs_admin -U generate. Ext4, mfumo mwingine wa faili, ni mpole mno, haikatai. Kama fstab, orodha ya diski za kupachikwa seva inapowaka, imeandikwa kwa UUID, seva ikiwashwa upya inaweza kukamata nakala badala ya asili, na watu wakafanya kazi siku nzima juu ya data ya wiki iliyopita. tune2fs -U random kwenye nakala, na vgimportclone kama kuna LVM, kabla ya jambo jingine lolote.

Ndiyo maana naona lakabu kwenye multipath.conf ina thamani kuliko jedwali la Excel ambalo hakuna anayelifungua. WWID upande mmoja, alias mishahara_01 upande wa pili, na jina hilohilo kwenye mtambo. Kwenye fstab ongeza _netdev (diski inafikiwa kwa mtandao), na nofail kwa isiyo ya lazima. Bila zote mbili, systemd, programu inayowasha huduma za seva, husubiri sekunde 90 kisha seva inaangukia hali ya dharura kwa sababu ya diski moja ya majaribio.

Kuondoa volumu kuna mpangilio wake: umount, futa mstari wa fstab, vgchange -an, kisha vgexport au vgremove, multipath -f, halafu futa kila njia, kama sdf:

echo 1 > /sys/block/sdf/device/delete

Mtambo unafuata mwisho. Ukianza na mtambo huku queue_if_no_path (mpangilio wa kusubiri njia irudi) ikiwa imewashwa, programu zinaganda kwenye hali ya D (kusubiri diski bila kukatizwa), kill -9 haizifikii, na hata df unayoiandika kuchunguza inaganda nazo. multipathd disablequeueing map mpathc huzifungua kwa kuzipa makosa ya kusoma na kuandika.

Na kama sdf ya zamani haikufutwa, kisha mtu akaweka volumu mpya kwenye LUN 2 ileile, kerneli bado inaweza kumwita mgeni kwa jina la marehemu. Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote kwenye volumu mpya, soma kitambulisho kutoka kwenye diski yenyewe, si kutoka kwenye kumbukumbu ya seva: sg_vpd --page=di /dev/sdf.