Bibi wa miaka 89 bungeni

Jana usiku nikiwa zamu kwenye nyumba ya wazee hapa Uswidi, bibi mmoja ninayemhudumia aliniuliza: "Unamjua Barbro Westerholm?" Nikasema simjui. Akanitazama kama mtu aliyekosa chakula cha mchana, akaanza kunisimulia. Nilipotoka kazini nikaenda kusoma mwenyewe.

Huyu mama alizaliwa 1933, akasomea udaktari, akajikita kwenye madhara ya dawa. Mwaka 1979 akawa mkuu wa Socialstyrelsen, mamlaka ya afya na ustawi wa jamii. Mwaka huohuo waandamanaji walikalia ngazi za ofisi yake wakidai mapenzi ya jinsia moja yafutwe kwenye orodha ya magonjwa. Alishuka kuzungumza nao, na kabla mwaka haujaisha yalikuwa yamefutwa. Najua kwetu habari hii ingezua ugomvi hadi kesho, lakini kilichonigusa ni bosi kushuka ngazi. Wangapi mnawajua?

Akaingia bungeni 1988 kwa chama cha Kiliberali, akatoka 1999, akaongoza chama cha wastaafu, kisha 2006 akarudi tena bungeni! Aliondoka 2022 akiwa na miaka 89, akafariki mwaka uliofuata. Miaka hiyo yote alipigana na tabia ya kumdharau mtu kwa sababu ya umri wake.

Leo usiku nina zamu tena. Bibi ameniahidi sehemu ya pili, na safari hii mimi ndiye nitakayeuliza maswali.