Samaki wa nyumbani niliyemwinda Florida

Mimi ni mtu wa kisiwa cha Mafia. Nilipokuwa nikiongoza wazamiaji pale Ghuba ya Chole, samaki-simba, yule wa miiba yenye sumu, alikuwa samaki wa kumwonyesha mgeni. Siku nyingine mtungi uliisha hatujamwona hata mmoja. Basi fikiria siku ya kwanza nilipozamia karibu na Destin, Florida: kwenye mabaki ya meli moja nilihesabu 21, wametanda mapezi kama kanga zilizoanikwa. Vidagaa, ambavyo huwa havikosi penye maficho kama yale, sikuviona. Niliumia moyo.

Huku si kwao. Mmoja alionekana Dania Beach, huku huku Florida, mwaka 1985, na inaaminika walitoka kwenye matangi ya watu wanaofuga samaki wa mapambo. Jike hutaga mayai kama milioni 2 kwa mwaka, na samaki wa huku hawamjui kuwa ni mwindaji. Humsogelea mpaka mdomoni.

Nikajiunga na timu ya watu wanne kwa mashindano ya kuvua samaki-simba ya Emerald Coast Open, yanayofanyika Destin. Mwaka 2019, katika siku mbili tu, wazamiaji walitoa samaki-simba 14,119. Zawadi hutolewa kwa waliovua wengi, kwa aliyepata mkubwa kuliko wote, na kwa aliyepata mdogo kuliko wote. Hiyo ya mdogo naipenda sana, maana inawafanya watu wachungulie kila tundu.

Mazoezini nilikuwa nachoma ubavuni, samaki anachomoka anaondoka na jeraha. Nahodha wetu akanirekebisha: huyu hakimbii, anategemea miiba yake, kwa hiyo sogeza ncha ya mkuki mpaka ibaki kama upana wa kiganja, lenga nyuma ya jicho, ndipo uachie mpira unaosukuma mkuki. Kisha msukume moja kwa moja ndani ya bomba la kuhifadhia, mkono usimguse. Kilichonipa shida zaidi ni muda. Kwenye mita 30, kwa hewa ya kawaida, una kama dakika 20 tu, na kila ukitaka kupanda unamwona mwingine. Nilijiwekea sharti: kipimo kikifika nilipopanga, napanda, hata awe mbele ya pua.

Mwiba ulinipata chomboni, nikimwaga bomba kwa haraka. Kidole gumba kiliwaka mpaka begani. Dawa yake ni maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia, bila kujiunguza, kwa sababu sumu ile ni protini na joto huivunja. Tangu siku hiyo sipandi chomboni bila chupa ya maji moto, na kabla ya kumpaa samaki nakata miiba yote 18: 13 mgongoni, 2 tumboni, 3 karibu na mkia. Nyama yenyewe haina sumu. Ni nyeupe, laini, na kwenye mchuzi wa nazi inashindana na changu.

Siku ya mashindano timu yetu ilitoa 46. Hatukukaribia washindi. Usiku nilimpigia mama.

“Shikamoo mama. Leo nimevua samaki-simba.”

“Marahaba mwanangu. Huyo wa miiba? Wa huku Chole umwache.”

“Wa huko namwacha, mama.”

Mwezi uliofuata nilirudi kwenye yale mabaki. Walikuwepo wanne. Nikashuka na mkuki.