Siku moja maishani mwangu: dakika 28 za Goran Pandev

Saa 11 alfajiri. Naamka na adhana, nachemsha chai, nawasha kompyuta. Kila Alhamisi jioni nina kipindi cha nusu saa kwenye redio moja ndogo hapa Dar es Salaam, mchezaji mmoja kila wiki, hasa wale ambao vijiweni hawatajwi sana. Leo ni zamu ya Goran Pandev wa Masedonia Kaskazini. Ukitoa salamu na tangazo, nabaki na dakika 28.

Kwetu Kigoma Pandev ni mtu wa goli moja. Tarehe 18 Desemba 2010, Abu Dhabi, fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia: TP Mazembe ya Lubumbashi, klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali hiyo, dhidi ya Inter Milan. Nilikuwa sekondari. Sebule yetu ilijaa majirani na wafanyabiashara waliovuka ziwa kutoka Kalemie, wote tukimsubiri kipa Kidiaba arukeruke kwa makalio kama alivyofanya Mazembe ilipozitoa Pachuca na Internacional. Dakika ya 13 Pandev akafunga. Dakika ya 17, Eto'o. Jioni ikatuharibikia palepale, na la tatu la Biabiany likaja kumalizia tu. Baba alizima sauti ya televisheni, picha akaiacha. Tukaangalia mpira bubu mpaka mwisho.

Saa 1 asubuhi. Kwenye daladala nafanya mazoezi ya majina, kwa sauti ya chini. Strumica husomwa "Strumitsa". Huo ndio mji alikozaliwa Pandev tarehe 27 Julai 1983, kusini mashariki mwa Masedonia, karibu na mipaka ya Bulgaria na Ugiriki. Jina la mji wa mtu ukilikosea hewani umemkosea na mwenyewe, kwa hiyo nalirudia mpaka abiria wa pembeni ananiangalia.

Saa 3. Kikao cha asubuhi. Bosi anasema, "Binti, anza na makombe, msikilizaji asituhame." Makombe yapo, tena mazito: mwaka 2010 Inter ilibeba ligi, Kombe la Italia na Ligi ya Mabingwa, na kwenye fainali ya Madrid dhidi ya Bayern, Pandev alianza. Lakini namwambia bosi kuwa makombe yale aliyabeba pamoja na Milito, Sneijder na Eto'o. Mzigo alioubeba yeye ni ule wa nyumbani, nchi ya watu takriban milioni mbili iliyokuwa haijawahi kugusa fainali yoyote kubwa. Tunakubaliana: dakika 8 za Italia, zilizobaki za timu ya taifa.

Saa 5. Naandika. Italia inaandikika haraka. Alitoka Belasica, klabu ya mji wao, akachukuliwa na Inter mwaka 2001, akapelekwa kwa mkopo Spezia na Ancona, kisha Lazio kuanzia 2004. Mwaka 2009 ukaja mgogoro wa mkataba na Lazio. Nusu msimu mzima hakupangwa, mpaka baraza la usuluhishi lilipomfungua mwezi Desemba. Januari akarudi Inter, na mwezi huohuo akaifunga AC Milan kwa mpira wa adhabu kwenye mechi ya watani. Ndani ya miezi mitano mtu aliyekuwa hana pa kuchezea akawa bingwa wa Ulaya.

Kuna kipande nagoma kukikata. Nusu fainali ya marudiano Barcelona, 28 Aprili 2010. Jina lake liko kwenye kikosi cha kwanza, anaumia wakati wa kupasha misuli, Chivu anaingia badala yake. Inter inafungwa 1-0 ikiwa pungufu uwanjani, lakini inavuka kwa jumla ya 3-2. Fikiria kuukosa usiku ule ukiwa tayari umeshavaa jezi. Baada ya Inter zikaja Napoli, Galatasaray, miaka mingi Genoa, na Parma mwishoni, kabla ya kustaafu mwaka 2022. Nimemaliza Italia.

Saa 7. Wali maharage na dagaa kwa mama ntilie. Naharakisha.

Saa 8. Umeme unakatika. Betri ya kompyuta ya studio ilishakufa zamani, na vipande vya sauti nilivyokata tangu asubuhi vimeondoka nao, sikuwa nimehifadhi. Nakaa gizani kama dakika tano, nguvu zimeniishia. Fundi mitambo ananiambia, "Dada, jenereta inawaka, anza upya, nitakukatia mimi." Tunaanza upya.

Saa 9. Tbilisi. Tarehe 12 Novemba 2020, mechi ya mwisho ya kufuzu Euro, yaani fainali za mataifa ya Ulaya, Georgia dhidi ya Masedonia Kaskazini. Safari hii waliianzia daraja la chini kabisa la Ligi ya Mataifa, wakiwa na Armenia, Gibraltar na Liechtenstein. Kuongoza kundi lile ndiko kulikowapa njia ya mchujo. Uwanja hauna watazamaji kwa sababu ya korona, kwa hiyo unasikia kila kitu: makocha wanavyofoka, mpira unavyogongwa. Dakika ya 56 Pandev anapigiana pasi na Nestorovski, anaingia kwenye boksi, anafunga. Ana miaka 37. Mwaka 2013 alishajiweka kando na timu hii, akarejea 2016. Alianza kuichezea mwaka 2001 na nchi imeshabadilisha jina, yeye bado yupo, anafunga goli la pekee la usiku ule. Nilirudia klipu ile mara sita. Sisi tuliosubiri miaka 39, kutoka AFCON ya 1980 mpaka ya 2019, tunaijua pumzi inayotoka kifuani siku kama ile.

Saa 11 jioni. Napanga mwisho. Machi 2021 anafunga Duisburg, Ujerumani inalala 2-1 kwao. Tarehe 13 Juni, Euro yenyewe, Bucharest, dhidi ya Austria, kipa yuko chini, Pandev anausukuma mpira wavuni: goli la kwanza la nchi yake kwenye fainali kubwa. Wanafungwa 3-1. Tarehe 21 Juni, Amsterdam, dhidi ya Uholanzi, mechi yake ya 122, wanafungwa 3-0. Anapotolewa, wenzake wanaacha kila kitu, wanapanga mistari miwili katikati ya uwanja na kumpigia makofi akipita. Walipoteza mechi zote tatu za fainali zile, na bado hakuna aliyeonekana kujutia kwenda. Magoli yake ya taifa yaliishia 38.

Machi 2022, kwenye mchujo wa Kombe la Dunia, wenzake waliing'oa Italia Palermo, 1-0, goli la Trajkovski dakika za nyongeza. Italia, nchi alikocheza miaka karibu ishirini. Yeye alikuwa ameshaaga. Hapo niliandika sentensi tatu nikazifuta zote, nikaacha tarehe na matokeo.

Saa 1 usiku. Hewani. Strumitsa inatoka sawasawa. Sauti ya Tbilisi ilipoingia, fundi mitambo akapandisha kidogo bila kuambiwa.

Saa 2. Niko kituoni nasubiri daladala, simu inaita. Baba, kutoka Kigoma. Amesikiliza kwa simu ya mdogo wangu.

"Mwanangu, kumbe yule bwana amesota hivyo?"

"Amesota, baba."

Kimya kidogo. Nasikia redio nyingine nyuma yake.

"Basi lile la Abu Dhabi nimemsamehe," anasema. "La Eto'o bado. Yule ni Mwafrika mwenzetu."