Benki zetu zinaskani sana ila makaratasi hayapungui

Nimefanya kazi nyuma ya kaunta kwenye tawi la benki hapa Dar kwa miaka kadhaa, kwanza kufungua akaunti baadae mikopo, na kitu ambacho hadi leo kinaniuma ni makaratasi. Siku hizi kila benki inasema iko kidijitali, app ipo, mawakala kila kona, lakini hebu ingia tawini ukafungue akaunti ya kikundi au uombe mkopo wa biashara uone. Fomu kurasa kibao, kopi ya kitambulisho, passport size, barua ya serikali ya mtaa, muhtasari wa kikao, muhuri hapa sahihi pale, na ukishamaliza vyote kuna mfanyakazi anazichukua anaenda kuziskani. Alafu karatasi zilezile zinatobolewa, zinaingia kwenye boksi faili, boksi linaenda stoo. Yaani sasa tuna karatasi na tuna pdf, kazi imekuwa mbili.

Mimi naamini karatasi inapungua pale tu ambapo haijaandikwa kabisa. Kuskani ni dawa ya mafaili ya zamani. Kwa mteja anaeingia leo asubuhi inabidi tujiulize hii karatasi nani ataisoma, na kama jibu ni hakuna, isijazwe.

Angalia usajili wa laini za simu. Zamani ulikuwa unajaza fomu unaacha na kopi ya kitambulisho, ikaja 2019 hadi mwanzoni mwa 2020 tukasajiliwa upya wote kwa alama za vidole. Kijana amekaa chini ya mwamvuli pale stendi, ana simu na kile kidude cha kusoma kidole, unamtajia namba yako ya NIDA (mamlaka ya vitambulisho vya taifa) ile yenye tarakimu 20, unaweka kidole, jina na tarehe ya kuzaliwa vinakuja vyenyewe kutoka NIDA, kwisha. Sasa benki nyingi nazo zimeunganishwa na NIDA, uwezo ni uleule, lakini bado kuna matawi mteja anaweka kidole, anahakikiwa vizuri kabisa, alafu anaambiwa katoe kopi ya kitambulisho hapo nje utuletee. Kopi ya nini tena? Kopi ilikuwa ni ushahidi kwamba tumekiona kitambulisho, na kopi mtu anaweza kuichezea hapo hapo steshenari, kidole hawezi.

Sababu nilikuja kuielewa baada ya kukaa ndani. Ni ile orodha ya ukaguzi. Mkaguzi wa ndani akija tawini anakuwa na orodha yake, mstari mmoja umeandikwa kopi ya kitambulisho, akifungua faili asipoikuta anaandika kasoro, na kasoro zikiwa nyingi meneja wa tawi ndio anaulizwa. Kwahiyo meneja hata awe anapenda teknolojia kiasi gani ataendelea kudai kopi, na mimi simlaumu. Benki inanunua mfumo wa kutunza nyaraka kwa hela nyingi, wanaleta skana za kisasa, ila ile orodha hakuna alieigusa. Ningekuwa na sauti ningeanza na orodha hiyo kabla ya kununua chochote.

Kitu kingine ni fomu za kuweka na kutoa pesa. Kwa wakala unataja namba ya akaunti, anaingiza kwenye mashine, unaona jina, unathibitisha, unapata risiti. Benki hiyohiyo, ukienda tawini unapewa fomu ya kujaza kwa peni, na ile peni imefungwa kamba na mara nyingi haina wino. Hili linaniuma zaidi kwa wazee. Nimeona mara nyingi sana mzee amekuja kuchukua pensheni yake, kuandika hawezi au macho hayaoni vizuri, anamuomba mtu yeyote aliepo kwenye foleni amjazie. Anamtajia namba ya akaunti, jina lake kamili, na kiasi anachotaka kutoa, kwa sauti, mbele ya watu wote! Huyo mzee akitoka pale mlangoni kuna mtu asiemjua ambae anajua amebeba shilingi ngapi. Kama tela angemuuliza mwenyewe pale dirishani, akaingiza kwenye kompyuta, akamsomea taratibu, mzee akaweka kidole, ile hatari isingekuwepo.

Wapo wanaosema sheria inataka karatasi. Tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, inatambua kumbukumbu za kielektroniki na sahihi za kielektroniki, na mahakama inapokea ushahidi wa aina hiyo ilimradi uonyeshe ulivyotengenezwa na kutunzwa. Hata hundi, ambazo watu wa zamani walikuwa wanazibeba mabunda kwa mabunda kupeleka kubadilishana na benki nyingine, siku hizi inasafiri picha yake tu, Kenya walianza 2011, na sisi tukaja na TACH, mfumo wa Benki Kuu wa benki kubadilishana hundi kwa kompyuta. Kama picha ya hundi inatosha kuhamisha mamilioni sioni kwanini fomu ya kubadilisha namba ya simu lazima iwe ya karatasi. Ukweli ni kwamba vipo vitu vitabaki, hati ya nyumba aliyoweka mteja kama dhamana ile ni ya asili na inakaa kwenye chumba cha hazina, hiyo hata mimi nisingekubali iwe pdf.

Sasa turudi kwenye mafaili ya zamani maana huko ndiko kuna maumivu ya kweli. Alikuja mama mmoja, mume wake amefariki, yeye ndie msimamizi wa mirathi, karatasi za mahakama anazo zote mkononi. Akaunti ya marehemu ilifunguliwa miaka mingi nyuma tawi lingine, lile tawi likahama jengo, maboksi yakapelekwa ghala la nje ya mji. Tulikuwa tunahitaji fomu ya kwanza ya akaunti kwasababu jina kwenye mfumo lilitofautiana herufi na jina la kwenye cheti cha kifo. Tukatuma maombi ghala. Wakaleta boksi silo. Tukatuma tena. Mama anakuja, anakaa kwenye kiti kilekile karibu na nguzo, tunamwambia bado mama tunaomba radhi, anaitikia haya wanangu anaondoka, na tunajua kabisa ana watoto wa shule na hela yao ipo humu ndani. Boksi sahihi lilikuja kupatikana baada ya wiki nyingi na karatasi yenyewe ilikuwa na doa la maji ila ilisomeka.

Na cha kusikitisha lile tawi lilikuwa limeshaskaniwa! Mafaili yapo kwenye seva, yanaitwa scan0001, scan0002, kila moja lina kurasa za wateja tofauti zimeunganishwa pamoja, hakuna namba ya akaunti popote. Nani atafungua yote hayo? Ndio maana nikisikia benki inajisifu imeskani kurasa ngapi sishtuki, nauliza mmeziandikaje. Kila waraka unatakiwa kuwa na namba ya akaunti, namba ya NIDA kama ipo, aina ya waraka, na tarehe. Vitu vinne tu, ila viingizwe siku hiyohiyo na mtu anaemjua mteja, sio mwaka mwingine na kijana wa mkataba anaelipwa kwa idadi ya kurasa. Tawi zima linaweza kufanywa hivi kidogo kidogo, unaanza na wateja wanaokuja, kila anaekuja dirishani na shida faili lake linaskaniwa na kuandikwa vizuri, yale yasiyoguswa na mtu yanasubiri.

Na wale wanaosema mtandao ukikata tutafanyaje, jamani mtandao ukikata tawini hata tela hawezi kukuhudumia, unaambiwa sistimu iko dauni subiri. Ile karatasi kabatini haikusaidii chochote wakati huo.

Halafu kuna suala la siri za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na kwenye mfumo mzuri kila anaefungua faili lako jina lake linabaki pamoja na saa aliyofungua, na tela haoni faili la mkopo kama halimuhusu. Boksi lililowekwa kwenye korido karibu na choo nani anajua limefunguliwa na nani. Wote tumeshafungiwa karanga kwenye karatasi yenye majina na namba za simu za watu, zile karatasi zilitoka ofisi fulani.

Kwahiyo kuna hatua ya mwisho ambayo naona watu wanaiogopa kuliko zote nayo ni kuchana. Viwango vya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, vinataka kumbukumbu zitunzwe angalau miaka 5 baada ya muamala au baada ya mteja kufunga akaunti, na sheria ya nchi ikitaka zaidi ya hapo inafuatwa hiyo. Sawa. Lakini kuna fomu za kuweka pesa stoo zina umri mkubwa kuliko wafanyakazi wanaozitunza, panya wanazaliana humo, na hakuna anaetaka kuweka sahihi kwamba za mwaka fulani zichanwe. Makao makuu watoe waraka wenye tarehe, waseme kuanzia mwaka huu kurudi nyuma fomu hizi na hizi zichanwe mbele ya mkaguzi, mashine ya kuchania iletwe, na vile vyumba wapewe wateja wakae, maana matawi mengi watu wanasubiri wamesimama juani nje wakati chumba kizima ndani kimejaa maboksi.