Kitabu cha Haruni: ukurasa wa hema umekubali

Hatimaye! Nachora kitabu cha picha kuhusu Haruni, ndugu yake Musa, na watoto wa darasa letu la Shabati wamefika mwisho wa kisa bila yeyote kupaza sauti, "Haruni mwongo!"

Kisa mnakijua. Katika Pirkei Avot, mkusanyo wa mafundisho ya wahenga wa Kiyahudi, mwalimu Hillel anatutaka tuwe wanafunzi wa Haruni, tupende amani na kuifuata. Avot de-Rabbi Natan, kitabu kinachoufafanua mkusanyo huo, ndiyo inayoonyesha aliifuataje: watu wawili wamegombana, Haruni anaketi na mmoja, anamwambia, "Mwanangu, mwenzako anajipiga kifua, anaona haya kwa kuwa amekukosea." Kisha anakwenda kwa wa pili na maneno yale yale. Wakikutana, wanakumbatiana.

Kwa watu wazima, Talmudi, kitabu kikuu cha mijadala ya sheria za Kiyahudi, imeruhusu kugeuza maneno kwa ajili ya amani. Lakini mtoto wa miaka minne aliyekanywa uongo asubuhi hiyo hiyo utamwambia nini? Nimemchora Haruni akitabasamu, akiinama, akinyoosha mkono. Kila sura ilimtoa mjanja. Iliniuma, maana huyu ndiye ambaye Israeli wote walimlilia siku 30.

Jibu limo kwenye kisa chenyewe: Haruni anaketi na yule mtu mpaka chuki imtoke moyoni. Basi nimechora huko kuketi. Hema moja, picha nne, bila neno. Moto unawaka, unafifia, yanabaki makaa. Ngumi imekazwa, kidole gumba kinalegea, kiganja kinafunguka juu ya goti. Nyuma kuna hema la pili lenye taa, na kivuli cha mtu aliyejishika kichwa. Watoto wanakiona kabla Haruni hajafungua mdomo: "Na yule analia!" Haruni akisema sasa, wako upande wake.

Kivuli nimekichora kwa Krita. Ni programu ya bure, na kwa brashi za rangi ya maji siibadilishi na ya kulipia. Makaa nimeyapaka kwa mkono. Kwenye skrini yaling'aa kama balbu. Na wanaokumbatiana msiwaweke katikati ya kitabu, mkunjo utameza nyuso zao.

Zamu ya kisa kinachofuata ilikuwa ya Abrahamu na Lutu na wachungaji wao, ila nimewaweka kando. Sasa nataka hema la pili liwe na mlango wa karatasi, mtoto aufunue mwenyewe. Gundi peke yake inabanduka vidole vikizidi. Leo najaribu bawaba ya kitambaa.