Mmeuweka kwenye mzani gani?

Harusi ya shangazi imepita salama, moko ya kidato cha nne imesahihishwa, Salma kang'oa jino. Mimi tangu Ijumaa nina maneno ya mjomba tu kichwani.

Tulikuwa barazani kwake Mikindani tunangoja pilau. Vijana wakanichokoza na habari za mashimo meusi, yale ya angani ambayo hata mwanga hautoki, nami mnanijua, nikajiachia. Nikawaambia kuna kwasari, yaani kiini cha galaksi ya mbali kinachong'aa kupita kiasi, inaitwa 3C 273, mwanga wake umesafiri kama miaka bilioni 2 mpaka kutufikia, na katikati yake limekaa shimo jeusi lenye uzito wa Jua letu mara kama milioni 300.

Mjomba akatua kikombe. "Mjomba, hilo shimo umeliona?"

"Halionekani, mjomba."

"Sasa mmeliweka kwenye mzani gani?"

Baraza zima likaangua kicheko, sinia zikaingia, ikawa basi. Na mtu mwenyewe ndiye yule anayesimama juu ya kichwa cha karani msimu wa korosho mpaka mshale utulie. Uzito ambao hakuuona ukisomwa, kwake ni porojo.

Kilichoniuma ni kwamba jibu ninalo. Usiku nalijibu, kwenye bajaji nalijibu, darasani nusura nilijibu katikati ya somo la umeme. Kuzunguka lile shimo kuna mawingu ya gesi yanayokimbia maelfu ya kilomita kwa sekunde. Yanayotujia, mwanga wake unasogea upande wa bluu; yanayotukimbia, upande wa wekundu. Kwa hiyo mstari wa hidrojeni, ile rangi yake maalumu unayoiona ukiuchambua mwanga, ambao maabara ni mwembamba, huku unatanuka, na kutanuka huko kunakupa mwendo. Umbali unapatikana kwa subira. Mng'ao wa katikati hautulii: ukipanda leo, mawingu yanaitikia baadaye, na huo muda ndio safari ya mwanga kutoka katikati hadi yalipo. Kwa 3C 273 ni kama miezi 5. Ukishapata mwendo na umbali, kanuni ya Newton ya uvutano inakupa uzito. Mzani gani tena anautaka?

Jumatatu nikashindwa kuvumilia, nikampigia. Nikammwagia yote. Akasikiliza kimya, nikadhani salio limekata.

"Mjomba," akasema, "madau yakizunguka pale ghubani nami niko ufukweni, naona hili linakuja, lile linakwenda. Haya, nikiwa juu kabisa, nayatazama chini yangu yanazunguka, hapo hakuna linalokuja wala linalokwenda. Utasema yametia nanga?"

Jamani. Mzee wa darasa la nne.

Maana hapo ndipo penye kidonda chenyewe: gesi ukiitazama kutoka juu, mstari hautanuki sana, na uzito unaonekana mdogo kuliko ulivyo. Kwasari nyingi hatujui zimelala vipi, kama tunazitazama ubavuni au kutoka juu, kwa hiyo wataalamu wanazidisha hesabu yao kwa namba iliyopatikana kwenye galaksi za jirani, na uzito wa kwasari moja moja unaweza kukosewa hata mara mbili au tatu. Ndiyo sababu matokeo ya mwaka 2018 yalikuwa makubwa: darubini nne za Paranal, Chile, ziliunganishwa kwa kifaa kiitwacho GRAVITY, wakaigundua gesi ya 3C 273 ikizunguka, na wakapata namna ilivyolala. Sisi tunaitazama karibu kutoka juu kabisa, nyuzi 12 tu pembeni. Yaani madau ya mjomba hasa!

Nikamwambia. Akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe mzani mnao, ila umekaa upande."

Nimetembea na hiyo wiki nzima, nacheka peke yangu sokoni. Nataka kumleta shuleni awaulize wanangu wa kidato cha nne, ila suala la kumvalisha viatu sijui nani atalianza.

Kabla hajakata simu kanipa jingine: mikorosho ya kule Naliendele imeanza kuchanua na ugonjwa wa ubwiriunga umeshashika maua ya upande wa bondeni. Salfa ipo, bomba la kupulizia limekufa. Fundi anataka hela kwanza, mshahara bado, na kila bomba nililouliza mtaani lina foleni yake. Mwenye la kuazima kabla ya Jumamosi anishtue.